Maswali ya Wasomaji: Kijiji Kinapotaka Sekondari Yake

Kila msimu wa korosho unapokaribia, mikutano ya vijiji vya Mtwara na Lindi huanza kuzungumzia michango, na safari hii barua nyingi zilizotufikia kutoka Kusini zinahusu jambo moja: vitongoji vimeongezeka watu, sekondari ya kata imejaa au iko mbali, na wananchi wanataka kujijengea shule. Tumezifupisha barua hizo na kuacha majina ya waandishi na ya vijiji vyao.

Tuanze madarasa manane kwa pamoja?

"Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi katika kijiji kimoja wilayani Tandahimba. Watoto wetu hutembea zaidi ya saa moja na nusu kwenda sekondari ya kata, na wengi huacha wakiwa kidato cha pili. Mkutano mkuu umekubali tukatwe shilingi 20 kwa kila kilo ya korosho kupitia AMCOS, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika, na kijiji huuza tani kama 400 kwa msimu. Wajumbe wengi wanataka tuchimbe misingi ya madarasa manane kwa mpigo ili Serikali ione kwamba tuna nia. Mimi nina wasiwasi. Tuanze na nini?"

Ndugu mjumbe, wasiwasi wako una msingi, nasi tunakuomba uutoe mkutanoni hata kama wenzako watadhani kwamba unapinga maendeleo. Tani 400 ni kilo 400,000, na kwa shilingi 20 kwa kilo kijiji kitapata shilingi milioni 8 kwa msimu, endapo mavuno hayatayumba na korosho hazitaishia kwa wanunuzi wa kangomba, wanaonunua kwa magendo nje ya ushirika. Mwaka 2021, vyumba vya madarasa vilivyojengwa kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19 vilitengewa shilingi milioni 20 kila kimoja, na hatuoni sababu ya kutegemea kwamba leo chumba kitagharimu pungufu ya hapo. Nguvu za wananchi zitapunguza gharama, kwa kuwa kuchimba msingi, kusomba mchanga, kuchota maji na kufyatua tofali ni kazi mnazoweza kuzifanya wenyewe. Lakini saruji, nondo, mbao, bati na fundi wa kupaua havipatikani kwa jasho peke yake.

Mkizigawa milioni 8 katika misingi minane, mtapata mitaro, mawe na labda kozi chache za tofali, kisha mtasubiri msimu mwingine huku mvua za Desemba hadi Aprili zikizipiga kuta zisizo na paa. Wengi wetu hupita kila siku mbele ya maboma ya namna hiyo. Ukilisogelea boma lililokaa misimu kadhaa utaona nondo za nguzo zimechomoza juu zikiwa zimeliwa na kutu, udongo wa viungo umechujuka, na tofali za kozi za juu zinamong'onyoka ukizikwangua kwa ukucha. Siku fedha za kumalizia zikipatikana, mhandisi wa halmashauri hukagua na anaweza kuagiza sehemu ya kuta ibomolewe. Hasara kubwa zaidi ni ya imani, kwa sababu mjane aliyekatwa fedha za mikorosho yake michache kwa ajili ya shule, kisha akaona pori limeota ndani ya madarasa, hatanyoosha mkono kwa urahisi mkiomba mchango wa pili.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba jengeni kidogo, na hicho kidogo mkimalize. Anzeni na vyumba viwili vyenye ofisi katikati, pamoja na choo, na msifungue msingi mwingine mpaka jengo hilo limepauliwa, limepigwa lipu na sakafu, na linaweza kufungwa kwa ufunguo. Kwa mapato mliyoyataja kazi hiyo itachukua zaidi ya msimu mmoja, na mkutano uelezwe hivyo tangu mwanzo.

Kabla ya msingi wenyewe kuna karatasi, na hapa ndipo vijiji vingi hujikwaa. Muhtasari wa mkutano mkuu, wenye orodha ya mahudhurio na sahihi, upelekwe kwa mtendaji wa kata ili ujadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani aufikishe halmashauri. Ombeni kwa maandishi mhandisi na afisa elimu sekondari waje kuliona eneo, wawape ramani inayokubalika, na waiingize shule katika mpango wa halmashauri. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hutayarishwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo barua inayofika Juni imekwisha chelewa. Kupitia mradi wa kuimarisha ubora wa elimu ya sekondari unaofahamika kama SEQUIP, Serikali imekuwa ikijenga shule mpya za kata, na shule za awamu ya kwanza zilipelekewa shilingi milioni 470 kila moja kwa ajili ya madarasa, maabara, jengo la utawala, maktaba na vyoo. Fedha za namna hiyo zikija, kata yenye eneo lililopimwa na nyaraka kamili haina sababu ya kurushwa, ilhali kata yenye misingi minane isiyofuata ramani itaanza kubishana na mhandisi.

Neno moja kuhusu kalenda, kwa sababu ni jambo linalowaponza wakulima wa korosho zaidi ya wengine. Fedha za minada huingia kuanzia Oktoba na kuendelea, yaani mvua zikiwa mlangoni. Mkinunua saruji yote Desemba na kuilundika ghalani mpaka mvua ziishe, mtaifungua ikiwa imeanza kuganda, kwani saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hupoteza nguvu, na katika unyevunyevu wa masika huharibika mapema zaidi. Wakati huo nunueni nondo, bati na mbao, mzihifadhi pakavu, kisha saruji inunuliwe kwa awamu kuanzia Mei. Kiwanda cha Dangote kipo Mtwara, hivyo saruji haitoki mbali kiasi cha kuwalazimisha kulimbikiza. Msingi ukikamilika Mei na Juni, kuta Julai na Agosti, mnaweza kupaua kabla mawingu ya Novemba hayajafika. Masika nayo yana kazi yake: kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ya kununua kwa madumu yanaweza kumaliza bajeti, chimbeni na kusakafia tanki la kuvunia maji ya mvua mapema, ili maji ya kufyatulia tofali na kumwagilia zege yawepo kiangazi kitakapofika.

Kuhusu makato yenyewe, shilingi kwa kilo ni njia ya haki, kwa sababu mwenye mavuno makubwa huchangia zaidi na mwenye machache huchangia machache. Hata hivyo, makubaliano yaandikwe yakionyesha kiwango, muda wa mwisho na akaunti ya kijiji itakayopokea fedha, kisha nakala ifike AMCOS na chama kikuu cha ushirika kabla mnada wa kwanza haujafanyika. Kila robo mwaka mapato na matumizi yasomwe mkutanoni na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Wasiolima korosho, wakiwemo wafanyabiashara na ndugu walioko Dar es Salaam, watafutiwe utaratibu wao.

Je, ni kweli kwamba mwaka 2028 wataingia watoto wa madarasa mawili?

"Mhariri, mimi ni mwalimu wilayani Ruangwa. Nimewaambia wazazi kwamba Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea watoto wa darasa la sita na la saba kwa pamoja, wakaniona ninatia chumvi. Naomba mthibitishe."

Mwalimu, umewaeleza sawasawa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, maana yake mtoto anatakiwa afike kidato cha nne. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, wakati ule ule ambapo waliokuwa darasa la nne, ambao wamebaki kwenye utaratibu wa zamani, watamaliza darasa la saba. Makundi yote mawili yatabisha hodi sekondari Januari 2028.

Waonyesheni wazazi rejesta zenu za shule ya msingi. Chukueni idadi ya watoto wa makundi hayo mawili, mjumlishe, kisha mgawanye kwa 40, ambacho ndicho kiwango cha wanafunzi kwa chumba kimoja cha sekondari. Jibu lake ndiyo idadi ya vyumba vya kidato cha kwanza vitakavyohitajika katika kata yenu, na mzazi ambaye mtoto wake yumo ndani ya rejesta hiyo hahitaji kushawishiwa zaidi.

Shamba la kutolewa kwa mdomo

"Shikamoo Mhariri. Huku kwetu Mtama mzee mmoja mwenye moyo mwema ametoa shamba la ukoo wake, lililopo bondeni kuelekea Mto Lukuledi, tujengee sekondari. Amesema neno lake linatosha na hataki karatasi. Sisi akina mama wa kitongoji tunaona haya kumdai karatasi mtu aliyetupa zawadi. Mnatushauri nini?"

Marahaba, mama. Mshukuruni mzee mbele ya mkutano, na kisha mfanye karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo itakayoilinda zawadi yake akiwa hayupo. Wamwera, kama yalivyo makabila mengi ya Kusini, wana desturi ya kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya ukoo ina wenyewe wengi kuliko anayeilima. Watoto wa dada yake na wajomba wasipokuwepo siku ya makubaliano, wana kila sababu ya kuja kuidai siku ambayo madarasa yamekwisha simama. Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe cha ukoo, wajomba wawepo, mke wa mzee na watoto wawepo, na wote watie sahihi au dole gumba kwenye muhtasari. Ndipo halmashauri ya kijiji ipokee ardhi hiyo na mkutano mkuu uridhie, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoelekeza mambo ya ardhi ya kijiji yaamuliwe. Kama shambani kuna mikorosho au minazi, iandikwe idadi yake na kama inalipiwa fidia au imesamehewa. Mwishoni wataalamu wa ardhi wa halmashauri wapime na kuweka mipaka.

Lakini kabla ya hayo yote, mama, tuna mashaka na bonde lenyewe. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, na kama maji yaliweza kusomba madaraja, kuta za tofali za kijiji hayataziogopa. Nendeni shambani na wazee wawili au watatu waliolima huko tangu ujana wao, mwaulize maji ya mafuriko yaliwahi kufika wapi. Tazameni magome ya miti kama yana alama ya tope juu ya usawa wa miguu, tazameni kama kuna matete, na chimbeni shimo la kimo cha mtu kuona kama linajaa maji. Mkikuta dalili hizo, mwombeni mzee awabadilishie na sehemu ya mwinuko, na bonde libaki kuwa shamba la shule la mboga na mpunga. Angalieni pia ukubwa, kwa maana sekondari itahitaji viwanja vya michezo, nyumba za walimu na nafasi ya mabweni ya baadaye, na ardhi ya jirani ambayo leo ni pori itakuwa imejengwa.

Mchanga wa pwani na tofali zinazovunjika

"Nipo kwenye kamati ya mapokezi ya shule inayojengwa Kilwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani tunanunua vifaa na kuajiri mafundi wenyewe badala ya kumpa kazi mkandarasi. Fundi anasema mchanga wa ufukweni ni mzuri kwa sababu ni mweupe na hauna udongo. Tofali nyingine zinavunjika zikishushwa kwenye gari. Mimi si fundi, nitajuaje kama tunaibiwa?"

Ndugu yangu, huhitaji kuwa fundi ili kukataa mzigo mbaya. Kamati yako imewekwa kwa ajili hiyo, na sahihi yako kwenye hati ya mapokezi ndiyo inayomruhusu mtu alipwe. Mchanga wa ufukweni ukataeni. Weupe wake unadanganya, kwa kuwa una chumvi, na chumvi hiyo hula nondo ndani ya zege mpaka zege lipasuke kutoka ndani. Mchanga wa mtoni au wa shimoni nao upimeni hivi: chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, itie mchanga hadi katikati, ongeza maji, tikisa kwa nguvu kisha iache usiku kucha. Asubuhi utaona mchanga umekaa chini na tope limetanda juu yake. Tope likiwa ni utando mwembamba mchanga unafaa, likiwa nene rudisheni gari.

Tofali zinazovunjika huwa na kasoro mojawapo kati ya mbili, na mara nyingi zote mbili: saruji kidogo, au maji kidogo baada ya kufyatuliwa. Shindeni kwenye eneo la kufyatulia, mhesabu tofali zinazotoka kwenye kila mfuko, na kiwango alichotoa mhandisi kiandikwe ubaoni hapo hapo. Baada ya kufyatuliwa, tofali zifunikwe na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba. Tofali iliyokaushwa na jua la Kilwa siku ya pili haiwezi kuwa na nguvu hata kama ilipata saruji ya kutosha. Kwa zege la mkanda unaozunguka kuta, uwiano unaozoeleka ni saruji moja, mchanga miwili na kokoto nne, na upimwe kwa ndoo au kisanduku, kamwe usipimwe kwa beleshi, kwa sababu beleshi la saruji na beleshi la kokoto havilingani, na mchanganyaji aliyechoka hupunguza bila kujua.

Mkiwa ukanda wa pwani, simamieni paa kuliko kitu kingine chochote. Tangu kimbunga Kenneth kilipopiga ng'ambo ya Mto Ruvuma, huko Msumbiji, mwaka 2019 na Hidaya kufuata mwaka 2024, hakuna anayeweza kusema kwamba upepo mkali si wetu. Kabla mkanda wa juu haujamwagwa, hakikisheni vipande vya nondo au vya chuma bapa vimechomekwa humo ili kenchi zifungwe navyo. Zege likishakauka, nafasi hiyo imepita. Bati zisiwe nyembamba kuliko geji 28, na kipimo chake kikaguliwe gari likiwa bado halijashushwa.

Asiyechanga, mtoto wake arudishwe nyumbani?

"Mtendaji ametangaza kwamba mzazi asiyelipa mchango wa ujenzi, mtoto wake hataruhusiwa kuingia darasani. Je, ni halali?" – Mzazi, Masasi.

Si halali. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne hutolewa bila ada, na mchango wa wananchi ni wa hiari. Hakuna ruhusa ya kumtoa mtoto darasani kwa ajili yake, wala mwalimu hapaswi kugeuzwa mkusanyaji. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa afisa elimu sekondari. Hata hivyo, kama mkutano mkuu uliamua mchango nawe una uwezo, tunakusihi utoe, na kama huna, ujitolee siku ya kazi.

Bweni kwanza au maabara kwanza?

"Kata yetu ya Liwale ni pana sana. Mabinti wanaotoka vijiji vya mbali hupanga vyumba mitaani karibu na shule, watatu au wanne katika chumba kimoja, wakijipikia wenyewe. Kila mwaka wapo wanaoishia njiani. Halmashauri imetuambia tumalizie maabara, sisi wazazi tunataka bweni. Nani yuko sahihi?" – Mama wa wanafunzi wawili.

Mama, maabara ni haki ya watoto wenu, na bila fizikia, kemia na baiolojia kwa vitendo milango mingi itafungwa mbele yao. Lakini binti aliyeacha shule hatumii maabara yoyote. Tukiulizwa sisi, katika kata ambayo mtoto hawezi kurudi nyumbani kwa siku moja, bweni la wasichana litangulie, na mkaiambie halmashauri hivyo kwa takwimu: mtendaji wa kata na mkuu wa shule waorodheshe mabinti wote wanaopanga mitaani, vijiji wanakotoka, na wale walioacha katika miaka mitatu iliyopita. Orodha hiyo ikisomwa kwenye kikao, mjadala utachukua sura nyingine.

Bweni nalo lisiwe jengo tupu la kulaza watoto. Linahitaji matroni anayelala hapo, uzio, taa, maji, jiko lenye utaratibu wa chakula unaochangiwa kwa mahindi na mbaazi baada ya mavuno, na vyoo vya kutosha, ambapo kiwango kinachotumika ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba cha faragha chenye maji kwa ajili ya siku za hedhi. Likaguliwe na wathibiti ubora wa shule kabla hata binti mmoja hajahamia.

Tunaongeza jambo ambalo barua yako imeligusa kwa mbali. Baadhi ya walezi wetu humwona binti kuwa mtu mzima aliyemaliza safari mara atokapo unyagoni. Unyago ni mila yenye heshima yake, na makungwi ni watu wanaosikilizwa kuliko ofisa yeyote. Waalikeni kwenye kamati ya shule, muwaombe shughuli zifanyike wakati wa likizo na wamfundishe mwali kwamba Januari anarudi darasani. Na kwa wale waliokwisha kukatiza masomo kwa sababu ya ujauzito, waraka wa Serikali wa Novemba 2021 unawaruhusu kurejea shuleni, kwa hiyo katika orodha mtakayoipeleka halmashauri, majina yao yahesabiwe pia mnapokadiria idadi ya vitanda.